Usione Vyaelea: Maneno ya Kiswahili na Dhana ya Utajiri wa Marekani

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi maneno machache ya kawaida yanavyosaidia kueneza fikira isiyo sahihi, yaani kwamba maisha ya Marekani ni ya utajiri kwa kila mtu na ni mepesi kwa kila aingiaye. Fikira hii haiko Afrika ya Mashariki peke yake. Imeenea katika mabara yote. Lakini katika kila nchi huvaa vazi la lugha ya nchi ile, na kwa hiyo yafaa mwanafunzi wa Kiswahili aitazame katika vazi lake la Kiswahili. Wachumi wamekwisha kuandika mengi juu ya mapato na matumizi ya Wamarekani. Kazi yetu hapa ni kutazama neno lilikotoka, maana liliyobeba njiani, na mahali ambapo humpoteza msikilizaji hata kama msemaji hakusema uwongo.

Jambo lenyewe si dogo. Kwa kutegemea maana ya maneno haya watu huuza viwanja, huacha kazi, hukopa nauli. Na ndugu hukosana na ndugu, huyu akidai kwamba mwenziwe ana fedha lakini amekuwa mchoyo, na yule akishindwa kueleza kwa nini hana. Ugomvi wa namna hii mara nyingi huhesabiwa kuwa ni wa tabia. Kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa tafsiri.

Kitambaa na jina lake

Mswahili aliijua Marekani kwanza kwa bidhaa yake. Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts, mjumbe wa serikali ya Marekani, na Sayyid Said walitia sahihi mkataba wa biashara mjini Maskati. Na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Merikebu za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, zikaleta kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Kitambaa hicho kiliitwa merikani. Misafara ya bara ilikipima kwa doti na kukitumia badala ya fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya miaka 1861 hadi 1865 vilipoizuia pamba, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zilipata nafasi kubwa sokoni. Lakini jina merikani halikufa, na kamusi zetu zinalo hata sasa.

Basi hapa twaona jambo la kuangaliwa. Nchi iliingia katika lugha yetu kwa umbo la kitu, tena kitu kizuri na imara. Pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani; ikasokotwa na kufumwa katika miji kama Lowell, ambako wasichana waliotoka mashambani walifanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, hata wakagoma mwaka 1834 na tena mwaka 1836. Aliyevaa merikani Unyanyembe hakumwona mtumwa wala msichana. Aliona nguo, na nguo ilikuwa njema. Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Lakini jina la kitu kilichoundwa huwa halina nafasi ya kumtaja aliyekiunda, wala gharama aliyoilipa.

Ng'ambo, ughaibuni na majuu

Neno la zamani la nchi za mbali ni ng'ambo. Asili yake ni upande wa pili wa maji: ng'ambo ya mto, ng'ambo ya bahari. Mji wa Unguja wenyewe una mtaa wa Ng'ambo, uliotengwa zamani na Mji Mkongwe kwa hori. Neno hili halimpandishi mtu wala halimshushi, maana kila mmoja kwa mwenziwe yu ng'ambo. Ughaibuni, litokanalo na Kiarabu, lina shina la kutokuwapo: aliye ughaibuni ni yule ambaye nafasi yake nyumbani i wazi. Neno hili hupima safari kwa macho ya waliobaki, na ndani yake mna huzuni kidogo.

Majuu ni neno la namna nyingine. Limetoka katika lugha ya mitaani ya miji yetu, Nairobi na Dar es Salaam, nalo limekwisha kuzoeleka hata katika magazeti. Hapa bahari imeondolewa na ngazi imewekwa mahali pake. Aendaye majuu amepanda, na arudiye hana budi ameshuka. Neno hilo moja lina hukumu kamili juu ya maisha ya huko, nayo imetolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Ndiyo sababu mtu arudiye bila mali huonekana kana kwamba ameanguka, ingawa pengine alikwenda kusoma na amesoma, au alikwenda kufanya kazi na ameifanya.

Wamarekani nao wana msemo wao wa ndoto ya Kimarekani. Msemo huo ulienea kwa kitabu cha James Truslow Adams, The Epic of America, kilichotolewa mwaka 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Adams alieleza wazi kwamba hakukusudia magari na mishahara mikubwa tu. Alikusudia jamii ambamo kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, aweza kufikia upeo wa uwezo wake bila kuzuiwa na hali ya kuzaliwa kwake. Msemo ulipovuka bahari, magari na mishahara vilivuka, na ile jamii ikabaki. Kwa Kiswahili neno ndoto lingeweza kutuonya, kwa kuwa tunazo pia ndoto za Alinacha, yule wa Alfu Lela Ulela aliyekuwa akiwaza utajiri wake hata akavipiga teke vyombo vya kioo ambavyo ndivyo vilikuwa mtaji wake wote. Lakini onyo hilo halitumiki, kwa sababu ndoto ya Kimarekani hutamkwa kana kwamba ni habari ya nchi, wala si matumaini ya watu wake.

Dola na kosa la kuzidisha

Kiswahili kina maneno mawili yenye sura moja. Dola ya kwanza yatokana na Kiarabu dawla, nayo ni utawala na mamlaka. Dola ya pili ni fedha. Ilitujia kwa Kiingereza, na asili yake ya mbali ni thaler, jina la sarafu iliyofuliwa tangu karne ya 16 kwa fedha ya machimbo ya Joachimsthal, Bohemia. Watu wa pwani walikwisha kuitumia sarafu ya ukoo huo, ile ya Maria Theresa, wakaiita reale. Mtunga kamusi huyatenga maneno haya mawili kwa nambari. Ni vigumu kuamini kwamba msikilizaji naye huyatenga kila mara kwa makini hayo.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni la hesabu. Mtu akitajiwa pato la dola hulizidisha papo hapo liwe shilingi, kisha akalitazama kwa bei za nyumbani. Tuchukue kima cha chini cha ujira kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani. Tangu Julai 2009 kilikuwa dola 7.25 kwa saa, na hadi mwaka 2025 kilikuwa hakijapandishwa, ingawa zaidi ya nusu ya majimbo yamejiwekea viwango vya juu zaidi. Afanyaye kazi saa 40 kwa juma, majuma 52 bila kukosa, hupata dola 15,080 kwa mwaka. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania, hizo ni shilingi 37,700,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mwezi. Asikiaye hesabu hii Dodoma au Tanga atasema huyo ni mtu mwenye nafasi.

Lakini aipataye dola huko huila huko. Kwanza hukatwa asilimia 7.65 kwa ajili ya pensheni ya taifa na matibabu ya wazee, hata kabla ya kodi nyingine, na zabaki karibu dola 1,160 kwa mwezi. Kisha hupanga nyumba. Muungano wa kitaifa unaoshughulikia makazi ya watu wa kipato kidogo ulikadiria mwaka 2024 kwamba, kwa wastani wa nchi nzima, mtu alihitaji kupata dola 32.11 kwa saa ili apange nyumba ya kawaida ya vyumba viwili vya kulala bila kutumia zaidi ya asilimia 30 ya pato lake. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya kile kima cha chini. Hatujataja chakula, wala gari, wala mganga. Kwa hiyo tafsiri ya dola 15,080 kuwa shilingi 37,700,000 ni sahihi kwa mbadilishaji fedha na ni potovu kwa mwenye kueleza maisha.

Mshahara, ujira, kibarua na bakshishi

Neno mshahara lina mwezi ndani yake. Asili yake ni Kiarabu mushahara, malipo ya kila mwezi, kutoka shahr, mwezi. Asemaye kwamba fulani ana mshahara humpa fulani uhakika wa mwezi mzima: augue siku mbili au mvua inyeshe, mwisho wa mwezi utafika na malipo yatafika nao. Ujira ni malipo ya kazi yenyewe. Kibarua ni mdogo zaidi. Ni kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku kuthibitisha kwamba amefanya kazi, na baadaye jina la karatasi likamshika mtu.

Sasa, katika Marekani, kwa hesabu za serikali za mwaka 2023, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kuajiriwa walilipwa kwa saa, asilimia 55.7, yaani watu milioni 80.5. Wengi wao hupata saa za kutosha na huishi vizuri, na baadhi yao ni mafundi wa ujira mkubwa. Lakini mpango wenyewe ni wa ujira: saa zikipunguzwa, malipo yamepunguka, dirisha la duka likifungwa mapema, chakula cha juma kimeguswa. Tunapomwita kila mtu wa namna hii mwenye mshahara, tumempa mwezi ambao hanao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bakshishi. Kwetu bakshishi ni ziada ya hiari, nayo huja baada ya haki ya mtu kukamilika. Katika Marekani sheria ya serikali kuu humruhusu mwajiri kumlipa mwandazi wa mkahawa dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi za wateja ziufikishe ujira wake kwenye kima cha chini. Zisipofika, mwajiri hana budi kujaza. Baadhi ya majimbo yamekataa utaratibu huu, lakini mengi yanao. Mgeni aachaye meza bila kutoa kitu hufikiri kwamba amejizuia kutoa zawadi. Kwa kweli amepunguza ujira wa mtu. Neno ni lile lile, lakini limehama kutoka katika sura ya ukarimu likaingia katika sura ya malipo.

Ana nyumba, ana gari

Kitenzi chetu cha kumiliki ni kuwa na. Wanasarufi wote wajua kwamba kwa asili hakisemi umiliki hata kidogo. Husema kuwa pamoja. Ana nyumba maana yake ni yu pamoja na nyumba. Ana homa, ana njaa, ana wageni: katika hayo yote hakuna amilikiye kitu. Neno la umiliki hasa ni kumiliki, lililotoka Kiarabu. Lakini mazoea yamefanya ana nyumba isikike kama anamiliki nyumba, kwa sababu katika miji na vijiji vyetu mtu wa kawaida hujenga kidogo kidogo kwa fedha aliyonayo, tofali juu ya tofali, na siku anapohamia nyumba ni yake.

Mmarekani wa kawaida huanza mwisho. Karibu theluthi mbili za kaya za nchi ile hukaa katika nyumba zinazoitwa zao, na sehemu kubwa ya hizo zimenunuliwa kwa mkopo ambao mara nyingi hulipwa kwa miaka 30. Tunalo neno rehani, lakini mwelekeo wake ni tofauti. Kwa Kiswahili mtu huweka rehani kitu alichokwisha kukipata, tena kwa kawaida akiwa katika dhiki. Rehani ni njia ya kuelekea kupoteza. Huko rehani ndiyo njia ya kupata, na nyumba huwa rehani tangu siku ya kwanza. Katika msukosuko wa fedha ulioanza mwaka 2007 mamilioni ya kaya zilipoteza nyumba zao kwa kushindwa kulipa. Watu hao walikuwa na nyumba kwa maana ya asili ya kitenzi chetu: walikuwa pamoja nazo. Sarufi ilisema kweli, na mazoea yakaificha.

Gari nalo lataka maelezo. Zaidi ya kaya 9 katika kila 10 za Marekani zina gari. Kwetu gari ni alama ya kufaulu. Katika sehemu nyingi za Marekani mabasi ni machache, maduka yako mbali na makazi, na asiye na gari hafiki kazini. Kwa hiyo gari hukaa pamoja na jembe na nyavu katika orodha ya mali, yaani ni chombo cha kutafutia riziki, nacho hudai mafuta, bima na matengenezo kila mwezi. Picha ya kijana aliyeegemea gari lake haitujulishi kama ametajirika.

Likizo na bima

Kwa mwenye ajira rasmi katika Tanzania, likizo ni mapumziko yenye malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa siku 28 kwa mwaka, na mama aliyejifungua siku 84. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hutaka likizo isiyopungua siku 21 za kazi, na miezi 3 ya uzazi. Wengi wetu hawamo katika ajira rasmi, na kwao sheria hizi ni habari za mbali. Lakini neno limejengwa juu ya sheria hizo. Katika Marekani hakuna sheria ya serikali kuu imlazimishayo mwajiri wa watu binafsi kutoa hata siku moja ya likizo ya mwaka yenye malipo. Sheria ya mwaka 1993 huwapa baadhi ya wafanyakazi, wale wa waajiri wenye watu 50 au zaidi na waliotimiza masharti mengine, hadi majuma 12 kwa uzazi au ugonjwa, lakini bila malipo. Majimbo kadhaa na waajiri wengi hutoa zaidi ya hayo kwa hiari au kwa sheria zao. Hata hivyo mtafsiri aandikaye likizo bila kuongeza neno yenye malipo au isiyo na malipo amemwachia msomaji ajaze pengo, naye atalijaza kwa sheria ya kwao.

Bima huleta pengo kama hilo. Asikiaye kwamba mtu ana bima ya afya hudhani amemaliza shida ya matibabu. Uchunguzi mmoja mashuhuri wa mwaka 2024 juu ya bima zitolewazo na waajiri ulionyesha kwamba bima ya familia iligharimu kwa wastani dola 25,572 kwa mwaka, na kati ya hizo mfanyakazi mwenyewe alilipa dola 6,296. Na zaidi ya hapo wengi hutakiwa kulipa sehemu ya kwanza ya matibabu kutoka mfukoni kabla ya bima kuanza kulipa. Mwaka 2023 watu karibu milioni 26 hawakuwa na bima yoyote. Nchi hiyo hutumia kwa matibabu sehemu kubwa ya pato lake kuliko nchi nyingine tajiri, asilimia 17.6 katika mwaka 2023. Na bado mgonjwa huuliza bei kabla ya kuuliza dawa.

Maskini mwenye viatu

Hapana budi tuseme wazi kwamba Marekani ni nchi tajiri. Mwaka 2023 pato la kati la kaya lilikuwa dola 80,610, na mtu wa kawaida ana umeme, maji safi, barabara na shule ambazo wengi wetu twazitamani. Atakayesoma makala haya akahitimisha kwamba Wamarekani wanaishi maisha duni kuliko sisi atakuwa amelitupa kosa moja na kuokota jingine. Swali letu ni utajiri huo umegawanywaje, na neno maskini lina maana gani ndani yake.

Kwa takwimu za benki kuu ya nchi hiyo, asilimia 1 ya kaya zilizo juu zimeshika karibu sehemu 3 katika 10 za mali yote, na nusu nzima ya kaya zilizo chini hazifikishi sehemu 4 katika 100. Benki hiyo hiyo huwauliza watu wazima kila mwaka kama waweza kulipa gharama ya ghafula ya dola 400 kwa fedha waliyonayo. Mwaka 2023 asilimia 63 walisema waweza. Waliosalia wangekopa, wangeuza kitu, au wasingeweza kabisa. Na katika usiku mmoja wa Januari 2024, wizara ihusikayo na makazi ilihesabu watu 771,480 wasio na nyumba.

Kipimo rasmi cha umaskini huko kilibuniwa na mwanauchumi Mollie Orshansky katika miaka ya 1963 na 1964, na serikali ikaanza kukitumia mwaka 1965. Alichukua gharama ya chakula cha bei nafuu cha familia akaizidisha mara tatu, kwa kuwa uchunguzi wa mwaka 1955 ulionyesha kwamba familia zilitumia theluthi moja ya pato kwa chakula. Tangu hapo kipimo hupandishwa kufuata bei. Mwaka 2023 kilikuwa karibu dola 30,900 kwa familia ya watu wanne wenye watoto wawili, na watu milioni 36.8, asilimia 11.1 ya wote, walikuwa chini yake.

Kiswahili kina ngazi zake: maskini, fukara, hohehahe. Maskini wetu hutambulikana kwa macho. Twatazama paa, twatazama miguu. Maskini wa Marekani huenda ana viatu, ana simu na ana gari, naye yu nyuma kwa kodi ya nyumba miezi miwili. Michael Harrington aliliona jambo hili katika kitabu chake The Other America cha mwaka 1962, alipoeleza kwamba nguo za kiwandani, zilizo rahisi na nzuri, zimewafanya maskini wa nchi yake wasionekane hata na wenzao. Ikiwa Mmarekani mwenyewe apitaye njia kuu hakuwaona, mtu wa Bagamoyo atazamaye picha atawaonaje? Nguo ambayo karne moja kabla yake ilituficha waliofuma, sasa ilimficha na aliyeivaa.

Ushahidi wa waliokwenda

Mtu aweza kuuliza kwa nini kosa hili halisahihishwi na wenzetu waliokwenda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao wamekilalia. Jibu ni kwamba wamesahihisha, lakini kwa lugha ambayo sisi hatukuipa uzito. Watanzania wa ughaibuni wana usemi wao: kubeba boksi. Maana yake si kubeba masanduku tu. Ni kazi yoyote ya mikono na ya ujira mdogo, ya ghala, ya jikoni, ya usafi, ya kuuguza wazee usiku, hasa ikifanywa na mtu ambaye nyumbani asingeifanya au aliyekuwa na elimu ya kazi nyingine. Usemi huu una mzaha, na mzaha ni kinga ya aibu. Mtu aweza kusema kwa kucheka kwamba anabeba boksi, ambapo asingeweza kumwandikia mama yake kwamba amechoka na fedha haikutosha.

Nyumbani usemi ulipofika uligeuzwa ukawa kejeli, wabeba maboksi, kwa kuwadharau walio huko. Kwa hiyo mtu mmoja hubeba lawama mbili zisizopatana: ni tajiri mchoyo, na ni mbeba maboksi. Ndugu mmoja aweza kuzisema zote mbili katika siku moja. Mkanganyo huo ni dalili kwamba maneno yetu juu ya Marekani hayajakaa pamoja katika akili, wala hayajapewa maana zinazoweza kupimwa.

Kazi ya wataalamu wa lugha

Mtaalamu wa lugha hawezi kuondoa njaa ya kusafiri, wala si wajibu wake. Wako wengi waliokwenda wakafaulu, na kwao safari ilikuwa njema. Awezalo ni kufanya maneno yaseme yanachojua. Twapendekeza mambo manne. Kwanza, pato la nchi ya kigeni likitajwa katika vitabu na magazeti yetu, litajwe pamoja na muda wake, saa au mwezi au mwaka, na kama ni kabla au baada ya makato. Na likibadilishwa kuwa shilingi, liambatane na walau bei moja ya huko, kama kodi ya nyumba. Pili, watafsiri watenge kumiliki na kuwa na kwa mkopo, wala wasiogope kurefusha sentensi kwa ajili hiyo. Tatu, likizo, bima na bakshishi zipewe katika kamusi maelezo ya kwamba maana zake hutegemea sheria ya nchi inayosemwa. Nne, kubeba boksi iingizwe katika kamusi zetu kwa ukamilifu, pamoja na maana yake ya wasemaji wenyewe na ile ya kejeli, kila moja kwa nambari yake. Pia iongezwe kwamba katika maana ya kwanza husemwa na mtu juu ya nafsi yake, mara nyingi kwa mzaha, na kwamba amsikiaye yafaa aulize saa ngapi, kwa kiasi gani, na kinabaki nini.